Nilivyotafuta Kazi Tanga na Cherehani Kichwani

Tangu nirudi Kibokoni, Mombasa, juzi kwa matembezi sijanywa chai ikiwa moto. Kila anayepiga hodi huanza na salamu, akakaa, akavua viatu, halafu akauliza, "Haya Mishi, ilikuwaje huko?" Nikifika katikati huingia mwingine, nami nikaanza upya. Jana nimewahadithia Tanga mara nne na Pangani sijaifika. Kwa hiyo nimeomba daftari la mtoto wa kaka yangu na nitaandika mara moja tu. Mkimaliza mpeane. Atakayenirudia na swali ambalo jibu lake limo humu, gauni lake la arusi nitalikata mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Asili ya safari mnaijua, lakini nitaitaja kwa ajili ya walio mbali. Salimu aliniacha kwa talaka moja, na sikulia sana. Eda ilipokwisha nilikuwa kwa kaka yangu Athumani, mimi na Zuhura wangu wa miaka sita, tunalala chumba kimoja na magunia ya mchele. Mama yake Salimu akatuma watu kutoka Malindi waseme kwamba mtoto wa kike halelewi na mama asiye na chumba wala kazi. Wazee wakakaa, wakakata shauri: nipewe muda mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Nikiwa nina kazi na chumba changu, mtoto ni wangu. Nikiwa sina, aende Malindi kwa bibi yake. Nilikubali mbele ya watu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira hukubali lolote. Baadaye ndipo nilipoketi kitandani nikaogopa.

Ulikuwa mwezi wa Rajabu. Mombasa washonaji tumejaa hata mtu akipata shati la kutia vifungo hulificha wenziwe wasilione. Athumani akasikia kwamba Tanganyika mkonge umepanda bei, na Tanga watu wanavaa nguo mpya hata isipokuwa sikukuu. Nikafunga cherehani yangu ya mkono kwenye sanduku lake.

Likoni hadi Horohoro

Tulivuka Likoni asubuhi, sanduku kichwani juu ya kata, Zuhura mkononi, na kikapu cha mahamri na mbaazi ambacho wifi yangu Asha alinifungia. Asha ana ulimi, lakini kwa kumfungia msafiri chakula sina la kumlaumu. Alininong'oneza pia jina la shangazi yake, Bi Mwanahawa, aliyeolewa Tongoni, kusini ya Tanga. "Ukikwama," akasema. Nikamjibu kwamba sitakwama, na nikalisahau jina hilo makusudi.

Basi lilichemka maji kabla hatujafika mbali, na kila lilipochemka tulishuka, utingo akaenda na debe kutafuta kisima. Kwenye benchi langu aliketi mama wa Kidigo, jina lake Mwanasiti, anakwenda kwa dada yake Tanga na mafenesi matatu miguuni. Bwana mmoja wa nyuma, mwenye tarbushi, akalalamika kwamba harufu inamuumiza kichwa, mafenesi yapelekwe juu kwenye mizigo.

"Yakipasuka huko juu utayala wewe na nzi wako?" Mwanasiti akamuuliza.

Karibu na Lungalunga moja lilipasuka papo hapo tulipokaa. Mwanasiti akatoa chupa ya mafuta ya nazi, tukajipaka mikono ulimbo usitugande, tukala basi zima. Bwana wa tarbushi alinyoosha mkono kabla ya dereva.

Horohoro palikuwa na kizuizi na askari watatu. Mmoja akalitazama sanduku langu, akataka nilifungue. Nikafungua.

"Hii nini?"

"Cherehani."

"Inashona kweli, au umeficha kitu ndani?"

Nilimtazama, nikaona mfuko wake wa shati unaning'inia. Nikamwambia, "Vua shati uone." Akavua. Nikaketi juu ya jiwe, nikaushona ule mfuko mara moja. Kumbe nimejichimbia shimo. Mwenziwe naye akaleta kaptula iliyochanika nyuma, wa tatu akaleta mbili. Abiria walianza kunipigia kelele kwamba nawachelewesha, halafu mmoja akakumbuka kwamba kanzu yake imefumuka kwapani, na kelele zikageuka zamu. Niliingia nchi ngeni hivyo, nimeketi kwenye jiwe na jua la utosi, nashona bure. Zuhura alikula mahamri yote. Basi liliondoka alasiri.

Ngamiani

Mwanasiti hakukubali nitafute pa kulala. Alinipeleka kwa dada yake Ngamiani, mitaa ile ya Tanga ambayo barabara zake huitwa kwa hesabu, ya kwanza, ya pili, mpaka uchoke. Usiku ule walitupa bada, unga wa muhogo uliosongwa ukateleza, na mchuzi wa papa. Mimi nilidhani ni ugali, nikaanza kuitafuna. Nyumba nzima ikaacha kula inanitazama.

"Mwenzetu anatafuna bada," dada mtu akasema. "Iteleze, dada, meno yapumzike."

Nikaiteleza. Siku ya tatu nilikuwa naiomba mwenyewe.

Asubuhi za siku tano nilizunguka maduka ya nguo. Tanga ni kama kwetu: duka ndani, na mafundi barazani na cherehani zao za miguu. Tajiri mmoja wa Kihindi alinipa kitambaa cha drili na suruali ya mfano. Nilimkatia, nikamshonea, akageuza mshono ndani nje, akauvuta kwa kucha.

"Kazi safi," akasema. "Lakini wewe takaa wapi? Barazani na wanaume, hapana. Ndani na mke wangu, hapana. Juu ya dari?"

Nilikasirika, nikafunga sanduku kwa kishindo. Fundi mmoja wa baraza, mtu wa makamo, alinifuata hadi pembeni. "Dada, usituchukie," akasema. "Huku mjini tumebanana mabega. We peleka cherehani yako mashamba, huko Tongoni, huko Pangani. Huko fundi akipita hushikwa kanzu."

Maneno yalikuwa mazuri, ila nilijua Tongoni kuna nani, na nilikuwa nimeapa kwamba sitakwama. Basi nikaenda kwanza Raskazone.

Raskazone

Jirani wa Ngamiani alisikia kwamba kuna nyumba ya Wazungu inayotaka yaya. Nilitembea hadi huko upande wa bahari, nyumba zenye bustani na madirisha makubwa, kimya hata unasikia majani yakifagiwa. Mpishi alikuwa Mbondei, mtu mzima, msafi, na msalaba mdogo shingoni. Aliniletea maji, akampa Zuhura kipande cha mkate wenye jemu, kisha akasimama kati yangu na bibi wa Kizungu akitafsiri.

Bibi alikuwa na watoto pacha, na uso uliochoka. Alinipenda, niliona. Alinionyesha chumba cha uani, kina kitanda na dirisha na mlango unaofungwa. Nikasema moyoni, Mishi, umefika. Kisha akamtazama Zuhura, akasema jambo.

"Anasema kazi ni yako," mpishi akatafsiri. "Ila mtoto hapana. Anasema huna mama, huna dada, wa kukaa naye?"

Nilidhani hakuelewa. Nikaeleza tena. Mpishi akaeleza tena. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana iliniuma. Yaani nipate chumba na kazi ya kulea watoto wa mtu, ili wangu alelewe na mtu mwingine. Nilimshukuru, nikamshika Zuhura mkono, na tulipofika nje ya geti nililia waziwazi. Zuhura alikuwa bado analamba jemu. Aliniuliza, "Mama, jemu imekuwasha?"

Jioni ile nikamuuliza Mwanasiti basi la Tongoni huondoka wapi.

Kwa Bi Mwanahawa

Tongoni si mbali, lakini tulifika kesho yake adhuhuri kwa sababu gurudumu lilitoboka, na la akiba nalo lilikuwa limetoboka tangu wiki iliyopita, na kila mtu alijua isipokuwa dereva. Mtu wa kwanza niliyemuuliza akanipeleka mpaka mlangoni.

Bi Mwanahawa ni mama mnene, mweupe wa nywele, mwenye sauti ya kusikika mashamba matatu. Mumewe Mzee Mbwana ni mwembamba na husema baada ya kufikiri. Nilijitambulisha: mimi Mishi wa Mombasa, wifi yake Asha.

"Mishi mke wa Salimu!" Bi Mwanahawa akapaza sauti. "Karibu mwanangu, karibu." Halafu akaliona sanduku, akamwona mtoto, akaona macho yangu yaliyovimba tangu Raskazone. Sauti ikashuka. "Karibu ndani upumzike. Hatukuulizi neno."

Na kweli hawakuniuliza. Nilipewa kitanda cha besera, chenye nguzo na chandarua. Asubuhi chai ya tangawizi na vibibi vya nazi, mchana wali na samaki wa kupaka, jioni uji wa pilipili manga. Nikisimama kushika mwiko, naambiwa kaa. Nikichukua ndoo, nanyang'anywa. Nilipofungua cherehani nitie uzi tu, Bi Mwanahawa akaifunika kwa leso yake, akasema, "Mambo ya kushona baadaye. Tulia kwanza."

Mimi nilijua adabu: mgeni husubiri aulizwe haja yake. Nikasubiri. Walikuwa hawaniulizi ila jambo moja, kila asubuhi, kwa upole: "Baba yake Zuhura mzima?" Nami najibu, "Mzima." Sikusema uongo. Salimu ni mzima, hana hata mafua. Neno la kuachika sikuweza kulitamka, kwa aibu, mbele ya watu wanaonilisha hivyo.

Zuhura alinenepa. Alicheza na watoto wa jirani kwenye magofu ya kale na makaburi yake, akarudi kila jioni na magoti meupe kwa vumbi. Mimi nilihesabu siku. Rajabu ikaisha, Shaabani ikaingia.

Na palikuwa na jogoo. Alikuwa mwekundu, amefungwa mguu kwenye nguzo ya jikoni, analishwa mtama kwa mkono. Niliambiwa siku ya kwanza, "Huyu ana siku yake." Nikadhani ni wangu, nikaona haya. Kila asubuhi nikasema leo. Kila mchana nikaletewa samaki. Nikaona pia kwamba hodi ya mwanamume ikisikika, Bi Mwanahawa hujifunga leso vizuri, hutazama jogoo, hutazama mlango, halafu akiona ni muuza chumvi hurudi kukaa.

Jogoo wa nani

Siku ya kumi na mbili nilishindwa. Niliamka alfajiri kabla ya wenyeji, nikachukua ufagio, nikafagia ua wote mpaka njiani. Nilikuwa nimefika kwenye nguzo ya jikoni Bi Mwanahawa alipotoka.

"Weka ufagio!" akapiga kelele. "Weka chini, mwanangu, watu wasikuone! Mumeo akija aambiwe kwamba tumemfanya mkewe mtumishi, tutauweka wapi uso?"

"Mume gani?" nikauliza.

"Salimu. Si umenuna, umekuja kwetu? Si tunamngoja aje akutake radhi? Jogoo huyu wa nani basi?"

Nilisimama na ufagio. Hapo ndipo nilipoelewa siku kumi na mbili zote. Habari ya arusi yangu ilifika Tongoni, ya talaka haikufika. Waliona mke wa mtu kaja na mtoto na sanduku na macho mekundu, nao wakafanya kama watu wenye heshima wafanyavyo mke akikimbilia kwao: wamtunze, wasimhoji, wasimtie kazini asije akaonekana amehamia, na wamngoje mumewe aje kwa adabu achinjiwe jogoo.

"Mama," nikamwambia, "mimi nimeachwa. Eda imekwisha. Nimekuja kutafuta kazi."

Bi Mwanahawa akakaa kitako mchangani. "Mbwana!" akaita. "Mbwana! Njoo usikie ulichokiandika!"

Mzee Mbwana akatoka na tasbihi yake. "Si wewe uliyeniambia niandike?"

"Mmeandika nini?" nikauliza.

Walikuwa wamemwandikia Salimu. Walimuuliza Zuhura baba yako yuko wapi, naye akawajibu yuko Malindi kwa bibi. Barua ilipelekwa kwa jina la msikiti wa mtaa wao, ikisema kwamba mkeo na mwanao wako kwetu salama, njoo kwa wema uwachukue. Ilikuwa imeondoka siku nane zilizopita.

Nikawaeleza yote: wazee, ahadi, Ramadhani, bibi wa Malindi. Salimu akija akanikuta nimekaa kitandani bila kazi wala chumba, ataondoka na mtoto mbele ya macho yangu, na watu watasema haki yake. Nusu Shaabani ilikuwa imekaribia kusomwa. Mzee Mbwana akaitia tasbihi mfukoni, akasema, "Tumekuharibia."

"Tutatengeneza," mkewe akasema, akainuka akijipangusa mchanga. "Nyumba ya marehemu mama iko Pangani. Chumba cha mbele kimejaa nazi. Mbwana, chinja huyo jogoo tule, tuna safari. Na wewe Mishi, ugeni wako umekwisha. Maliza kufagia."

Sijapata kufagia kwa furaha namna ile. Jogoo alikuwa mgumu, lakini mchuzi wake haukuwa na dosari.

Pangani

Bi Mwanahawa alikuja nami mwenyewe. Kutoa nazi, popo na makumbi kwenye chumba kile ilituchukua siku moja na nusu. Kina dirisha linalotazama njia ya kuendea mtoni, mlango wa mbao nzito, na mbele yake ukumbi. Kodi tulikubaliana iwe nguo za Idi za wajukuu wake, nao si wachache.

Nilifungua cherehani, nikaketi. Siku tatu hakuja mtu.

Si kwamba Pangani hawavai. Nilitazama kina mama wakipita na kufungua buibui zao ukumbini kwetu kupata hewa, nikaona ajabu. Mnene na mwembamba wamevaa gauni la mkato mmoja. Huyu limembana kifua, yule mabega yamemwanguka. Nikamuuliza Bi Mwanahawa kuna nini.

"Mafundi wa hapa ni wanaume," akasema. "Nani atasimama fundi ampime? Tunapeleka gauni la zamani, yeye anakata kwa mfano wake. Hili langu lilikatwa kwa mfano wa la mama. La mama sijui lilikatwa kwa la nani."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikaacha kucheka, nikachukua utepe wa kupimia. Nikafunga mlango, nikamsimamisha katikati ya chumba. Alikuwa na miaka sitini na hakuna mtu aliyewahi kumpima. Nilipouzungusha utepe kifuani akasema, "Unanitekenya," na nilipomtajia kiuno chake akaniambia nipime tena, nimekosea. Nikamshonea usiku ule na asubuhi. Alilivaa, akainua mikono juu, akainama, akainuka.

"Nahema," akasema kwa mshangao.

Akatoka nalo. Alipita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi mpaka alasiri, na kila nyumba aliinua mikono na kuinama. Kesho yake ukumbi ulikuwa umejaa kina mama na vitambaa vyao vya Idi, na mlango wangu unafungwa na kufunguliwa, na humo ndani vicheko.

Ushongo kwa miguu

Habari zilivuka mto kabla yangu. Kina mama wa Ushongo wakatuma neno kwamba wao wana watoto na kazi, hawawezi kuja Pangani wote, basi fundi aje. Tulivuka kwa pantoni hadi Bweni alfajiri na Bi Mwanahawa, Zuhura mgongoni mwangu, tukashika pwani maji yakiwa yamekupwa. Ni mwendo mrefu. Bi Mwanahawa alivua viatu, akapandisha leso, akasimulia maisha ya kila mtu wa Ushongo mmoja mmoja, hata nilipofika nilikuwa naona haya kuwatazama.

Walitupokea kwa madafu na muhogo wa nazi. Walinifungia ua kwa mikeka pande nne, nikawapima mmoja baada ya mwingine. Daftari sikuwa nalo. Mama mmoja msuka mikeka akanitatulia: akampa kila mwanamke ukindu mrefu wa kusukia, nami nikafunga fundo la kifua, fundo la kiuno, na kukata ncha kwenye urefu. Kila mmoja akautia rangi yake autambue. Nilirudi Pangani kesho yake na mzigo wa vitambaa kichwani na kindu ishirini na saba shingoni.

Katika safari yote hiyo sikuwahi kuwa na raha kama mwendo ule wa kurudi. Miguu iliniuma, jua lilikuwa kali, na nilikuwa naimba. Halafu nikamkumbuka Salimu na barua, nikanyamaza.

Mgeni kutoka Malindi

Alikuja siku za vunja jungu, zimebaki siku mbili au tatu mwezi uandame. Kila nyumba inapika na kualikana. Nilikuwa nashona mlango wazi, ukumbini kina mama kumi wanangoja na vitambaa magotini, nikasikia sauti ya Mzee Mbwana, tuliyemwacha Tongoni, na nyuma yake sauti ninayoijua.

Nitawaambieni ukweli, niliinamia cherehani nisitazame mlangoni. Niliogopa kuliko siku ile ya wazee.

Bi Mwanahawa akasimama mlangoni pa ukumbi. Salimu akamwamkia kwa heshima. Mnamjua Salimu, hana ubaya, ila mama yake akimwambia mchana ni usiku ataenda kutafuta taa.

"Nimekuja kwa ile barua, mama," akasema. "Nyumbani wamesema maadamu Mishi amekwama, nimchukue mtoto."

"Nani kakwama?" Bi Mwanahawa akauliza. "Mbwana, wewe unamwona mtu aliyekwama? Sisi hapa tuna fundi. Una kitambaa?"

Salimu akashangaa. "Ninacho," akasema. Kweli alikuwa nacho chini ya kwapa, cha manjano chenye maua madogo. Mama yake alikinunua kwa ajili ya gauni la Idi la Zuhura.

"Basi kaa, ngoja zamu yako. Wenzio wametangulia."

Akakaa. Kina mama wakafunika nyuso, wakamsogezea nafasi mwishoni mwa benchi. Akaletewa sinia ya pilau na kachumbari, kwa sababu ni mgeni, na hakuna aliyemuuliza neno. Zuhura akaingia kutoka kucheza, akamwona baba yake, akamrukia. Walikula sinia moja. Aliingia na kutoka, akimwonyesha: hiki kitanda chetu, hili beseni langu, huyu paka si wetu lakini analala hapa. Salimu alisema, "Naam, naam," akitazama kila anachoonyeshwa. Mimi nilishona, na mishono miwili niliifumua kwa sababu ilikwenda upande.

Alasiri ilipita. Benchi likapungua, mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye.

"Haya, mwingine," nikaita.

Akaingia, akaweka kitambaa juu ya meza. Nilikikunjua, kilikuwa kizuri. Nikamwita Zuhura, nikampima mabega, kifua, urefu, naye akasimama wima bila kucheka kwa sababu baba yake anamtazama. Nilipomaliza nikamuuliza Salimu swali ninalomuuliza kila mtu aletaye kitambaa.

"Nguo ikiisha utaichukua lini?"

Alitazama kitambaa, akatazama vitambaa vya watu vilivyopangwa ukutani, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshaketi chini anaokota vipande vya nguo na kuvipanga kwa rangi.

"Sitaichukua," akasema. "Siku ya Idi mvishe wewe."

Nikataka kuitikia inshallah, nikashindwa. Bi Mwanahawa ndiye aliyeitikia, kutoka nyuma ya mlango.